Subaru yangu inazungumza Kijapani na betri inakufa usiku. Fundi, nimeuziwa nini?

SWALI: Fundi, salaam. Mwezi jana nilinunua Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, ile ya Hawkeye, kutoka kwa mtu aliyekuwa nayo hapa hapa Nakuru. Ni gari nililolitamani tangu niko kidato cha pili. Sasa kila siku nagundua kitu ambacho sikuambiwa. Nikiliwasha, mwanamke anasema maneno ya Kijapani kutoka chini ya dashibodi. Nikizima na kutoa ufunguo, injini inaendelea kunguruma yenyewe kama dakika moja. Kuna kitufe nikikibonyeza nasikia pampu ikilia nyuma kwenye buti, lakini sioni maji popote. Karibu na handibreki kuna kigurudumu kidogo ambacho naogopa kukigusa. Miguuni upande wa abiria kuna kijiti chekundu kama baruti. Kubwa zaidi, betri imekufa asubuhi mara tatu. Fundi wa kwanza alinibadilishia altaneta. Wa pili anataka kukata nyaya zote "za Kijapani" ndipo aanze kutafuta tatizo. Mlinzi wetu anasema usiku aliona taa ndogo zikiwaka, lakini mimi nina hakika nilizima. Nimeuziwa gari bovu?

JIBU: Kaka, kabla hujamaliza aya hii mpigie simu huyo fundi wa pili, mwambie koleo aweke chini. Halafu mtafute mlinzi wenu umwombe radhi, maana katika watu wote waliolitazama gari lako, ni yeye peke yake aliyeliona tatizo kwa macho yake.

Nenda kwenye gari. Kaa kwenye kiti cha dereva, peleka mkono nyuma ya usukani, juu ya lile kasha la plastiki linalofunika mlingoti wake. Vidole vitakutana na swichi nyeusi, pana, iliyolala bapa. Ukikaa umenyooka huioni vizuri, usukani unaificha. Hiyo ni swichi ya taa za kuegesha. Inawasha taa ndogo za mbele, nyekundu za nyuma na zile za namba, na haijali kama ufunguo uko kwenye tundu lake, uko mfukoni mwako au uko Nairobi. Ile swichi ya kawaida ya taa unaweza kuizima mara kumi na taa zikabaki zinawaka. Kwa hiyo wewe husemi uongo, ulizima. Na mlinzi hasemi uongo, zilikuwa zinawaka.

Tupige hesabu kidogo. Balbu zote hizo kwa pamoja zinakula wati 30 hadi 40. Kwa betri ya volti 12, hizo ni kama ampea 3. Ukiegesha saa moja jioni ukarudi saa kumi na mbili asubuhi, zimepita saa 11, na ampea-saa 33 zimekwenda na upepo. Betri ya gari hili kwa kawaida haifiki ampea-saa 60 hata ikiwa mpya. Kinachobaki kinatosha kuwasha redio na kukupa matumaini, lakini stata itatoa ule mlio wa tak-tak-tak na kunyamaza.

Nani aliibonyeza? Mara nyingi ni kijana wa kuosha magari. Anapitisha kitambaa juu ya dashibodi, kinashuka kwenye mlingoti wa usukani, tak, imeingia. Mchana hakuna atakayeona. Kumbuka siku tatu ambazo betri ilikufa, kisha kumbuka siku ulizopeleka gari kuoshwa. Watoto nao huipenda sana wakikaa hapo kuigiza udereva.

Swichi yenyewe haikuwekwa kwa ujinga. Ziko nchi, Ujerumani mojawapo, ambako gari likiegeshwa kando ya barabara yenye giza sheria inataka lionekane kwa taa. Subaru wakaiweka kwenye magari yao kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo hiyo sisi mafundi wa umeme tumekula kwayo. Niliwahi kuletewa Forester hapa Mombasa, mwenyewe amekwisha nunua betri mbili na altaneta. Nilinyoosha mkono, nikabonyeza, nikamwambia nenda salama. Alikasirika kuliko ambavyo angekasirika kama ningemtoza elfu ishirini.

Altaneta yako ya zamani, kama bado iko kwa fundi wa kwanza, idai. Huenda ni nzima. Hata hii mpya ipime: injini ikiwa inafanya kazi, weka mita kwenye vichwa vya betri, ukisoma kati ya volti 13.8 na 14.4, chaji ipo. Betri iliyokwisha kukauka mara tatu usiitegemee ijazwe na altaneta kwa safari za kwenda dukani. Ipeleke ikachajiwe polepole usiku kucha, kisha ipimwe kwa mzigo. Na kama swichi hiyo imezimwa na betri bado inakufa, ndipo utafute mvujo: mita ya ampea ikae katikati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, milango imefungwa, usubiri dakika kadhaa vifaa vilale. Ikizidi miliampea 50, toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Hiyo ndiyo kazi fundi wako wa pili alipaswa kuanza nayo. Koleo halipimi kitu.

Sasa tuje kwa hayo mengine. Gari lako limeongezewa vitu na watu wa aina tatu: kiwanda, Japani kama nchi, na yule Mjapani kijana aliyelimiliki kabla halijapanda meli. Ukijua kitu kimetoka kwa nani, unajua kama kinaguswa, kinaachwa au kinatolewa.

Yule mwanamke ametoka kwa Japani kama nchi. Anachosema ni "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", yaani kadi ya ETC haijaingizwa. Barabara kuu za Japani ni za kulipia, na tangu 2001 magari yamekuwa yakifungwa kisanduku kidogo ambacho dereva anakiingizia kadi. Akifika kwenye lango la malipo kifaa kinaongea na lango kwa mawimbi, kizuizi kinainuka, bili inakuja mwisho wa mwezi. Kadi ilibaki Japani na mwenye nayo. Mama wa watu hajui kwamba ameshavuka bahari, kila asubuhi anauliza kadi iko wapi.

Kisanduku chenyewe kitafute chini ya usukani, ndani ya kisanduku cha glavu au karibu na goti lako la kulia, na antena yake ni kijidude bapa kilichobandikwa juu ya dashibodi au kwenye kioo karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kinavuta umeme kidogo sana na hakidhuru kitu. Ukitaka anyamaze, baadhi ya visanduku vina kitufe cha sauti. Vingine unachomoa plagi yake tu, kisha unauzungushia utepe wa umeme ule mwisho ulioachwa wazi. Kuchomoa plagi si kukata waya, mwambie hivyo fundi wako. Na asije mtu akakuuzia maneno kwamba kifaa hicho utakitumia Nairobi Expressway. Kule wana kifaa chao, hiki cha Japani hawasikilizani.

Kijiti chekundu nacho ni sheria ya Japani. Si baruti ya kulipua, lakini hofu yako ina msingi, kwa sababu ni tochi ya moto ya dharura. Kila gari kule linatakiwa kuwa na kitu cha kuonya wenzako likikwama barabarani, na wengi wana hiki: unafungua kifuniko, unakwaruza kichwa kama kiberiti, kinawaka mwali mwekundu kwa dakika tano au zaidi. Muda wake wa kutumika ni miaka minne tangu kitengenezwe, kwa hiyo cha kwako kwa vyovyote kimekwisha muda. Kilichokwisha muda kinaweza kukataa kuwaka, au kikawaka vibaya. Kitoe kwenye kishikizo chake, kiweke mbali na watoto, na usikitupe kwenye pipa ambalo taka zake huchomwa. Mahali pake weka pembetatu za kuakisi mwanga, ambazo trafiki wetu atakuuliza.

Injini inayoendelea kunguruma baada ya ufunguo kutoka, hiyo ni kazi ya kijana. Kinaitwa taima ya turbo, na kwa STI iliyotoka Japani ni kitu cha kawaida kama mazulia ya miguuni. Angalia kisanduku kidogo chenye namba zinazong'aa, huenda kimeandikwa HKS, Blitz au Apexi. Turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, inazungushwa na moshi wa injini kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, na bearing zake zinapozwa na oili. Ukitoka kulipiga gari kwa nguvu ukazima papo hapo, oili inasimama ndani ya chuma chenye moto mkali, inaungua, inabaki kama masizi. Taima inaiacha injini ipumue kidogo kwanza.

Maoni yangu? Kwa gari lako hakihitajiki sana. Turbo ya Subaru hii inapozwa pia na maji, na lile tangi dogo la maji limewekwa juu kuliko turbo ili hata injini ikizimwa, maji moto yapande na ya baridi yashuke yenyewe. Ukiendesha kwa upole dakika mbili za mwisho kabla ya kufika nyumbani, umefanya kazi ile ile. Nisichokipenda kwenye taima ni mambo mawili. Kwanza, imeunganishwa kwenye nyaya za swichi ya ufunguo, na mara nyingi iliunganishwa na mtu aliyekuwa na haraka. Viungo hivyo ndivyo vya kwanza kuvichunguza betri ikiendelea kufa. Pili, injini inabaki inafanya kazi hakuna mtu ndani. Kama gereji yako imefungwa pande zote, moshi huo unaua. Kuizima kabisa, kwenye taima nyingi unaweka muda uwe sifuri. Na kuitoa ni rahisi zaidi kama iliwekwa kwa waya wake maalumu wa kuchomeka: chomoa, unganisha plagi ya kiwanda kama ilivyokuwa, basi.

Tumefika kwenye vitu vya kiwanda, na hapa ndipo nakuonea wivu.

Kile kitufe kinacholiza pampu kwenye buti kinamwagia maji intakula. Fungua boneti utaiona, lile sanduku la alumini lenye mapezi limelala juu ya injini, chini kabisa ya tundu la boneti. Turbo ikigandamiza hewa inaipasha moto, na hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, tena inaifanya injini igonge. Intakula inaipoza kabla haijaingia. Shida ya kuiweka juu ya injini ni kwamba ukiwa unakwenda polepole hakuna upepo unaoingia kwenye tundu la boneti, na joto la injini linapanda kuiivisha. Ndipo maji yanapoingia. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba joto mara sita na zaidi ya lile linalotumika kuyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa bombani hadi kuanza kuchemka. Maji machache tu juu ya mapezi hayo yanafanya kazi kubwa.

Huoni maji kwa sababu moja kati ya mbili, tangi halina kitu au pua ya kunyunyizia imeziba. Inua mazulia ya buti utafute tangi la plastiki lenye kifuniko. Na tafadhali usiendelee kubonyeza likiwa tupu, pampu ndogo namna hiyo inapozwa na maji hayo hayo inayoyasukuma. Jaza, bonyeza mara chache injini ikiwa baridi, kisha fungua boneti uguse juu ya intakula kama pamelowa. Pua iliyoziba unaizibua kwa sindano nyembamba.

Maji gani? Usiweke sabuni ya kioo. Usiweke maji ya kisima pia, hasa huko kwenu Bonde la Ufa ambako visima vingi vina floridi na madini mpaka meno ya watu yanabadilika rangi. Yakikauka kwenye mapezi yanaacha ukoko mweupe. Kinga maji ya mvua uyachuje, au nunua yale ya betri. Lini utumie? Kuzunguka mjini Nakuru kwa Subaru hakuhitaji hiki. Lakini siku umekwama nyuma ya malori ukipanda kutoka Naivasha kwenda Limuru, jua limewaka, na mbele unaona nafasi ya kupita, bonyeza sekunde chache kabla ya kukanyaga. Usitarajie gari liruke. Litakupa tu nguvu zile zile ambazo lingekupa asubuhi kukiwa na baridi, na hilo ndilo ulilolinunua.

Kigurudumu cha karibu na handibreki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote kwenye gari hilo. Kwa kifupi kinaitwa DCCD, na kazi yake ni kukuruhusu wewe dereva uamue difu ya katikati ikaze kiasi gani. Subaru hii inasukuma magurudumu yote manne. Katikati kuna difu inayogawa nguvu, na kwa toleo lako ikiwa imelegea mgawo ni 41 mbele na 59 nyuma. Ikilegea, gari linakata kona kwa wepesi. Ikikazwa, mbele na nyuma vinazunguka pamoja, na gari linajivuta kutoka mahali pa utelezi. Kitu hicho kimetoka kwenye mashindano, na mashindano yenyewe si ya mbali: Impreza ilishinda Safari Rally yetu mwaka 1997 Colin McRae akiwa usukanini, ikashinda tena mwaka 2000 na Richard Burns.

Iache kwenye hali ya otomatiki. Kompyuta inakaza na kulegeza yenyewe haraka kuliko kidole chako. Hali ya kukaza kwa mkono ni ya matope. Barabara ya shamba ikilowa, yale matope meusi, zungusha kigurudumu kuelekea upande wa kufunga, taa za kwenye dashibodi zitakuonyesha umefika wapi, pita, kisha rudisha. Ukisahau ukaingia kwenye lami kavu ikiwa imefungwa, utahisi gari linajikaza ukikata kona ya kuegesha, kama linaburuta kitu. Hilo ni gia na ekseli zinalia. Halafu jambo ambalo hutaliona popote kwenye dashibodi: ukivuta handibreki, difu hiyo inalegea yenyewe, ili magurudumu ya nyuma yaweze kujifunga bila kugombana na ya mbele. Wahandisi walijua vizuri vijana watafanya nini kwenye changarawe.

Lakini yote hayo yanategemea matairi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana nimeona difu nyingi zikifa kwa ubahili. Ukitoboka tairi moja, usinunue moja jipya ukaliweka pamoja na matatu yaliyolika. Tairi lililolika ni dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na difu ya katikati inadhani unakata kona kutoka Nakuru hadi Eldoret. Mzunguko wa matairi yote manne usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Nunua manne, aina moja, saizi moja. Kama huna fedha za manne, tafuta lililotumika linalolingana na mengine.

Vitu vidogo nitavipitia haraka. Redio ya Japani inashika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ndiyo maana stesheni zako unazipata chache, au mtu alifunga kibadilishi cha masafa na sasa namba unayoiona si namba ya stesheni. Nunua redio mpya, usihangaike. Gari halitapita kilomita 180 kwa saa kwa sababu magari ya soko la Japani yamefungwa hapo na kompyuta, nami sitakwambia jinsi ya kuifungua. Kwenye kipimo cha mizunguko kuna taa ya kukuonya ubadilishe gia, na unaweza kuipangia iwake kwenye mizunguko mingapi. Kama inawaka mapema mno, Mjapani wako aliipangia chini.

Chini ya dashibodi, juu ya miguu ya dereva, utakuta plagi mbili za kijani zinaning'inia, hazijaunganishwa. Ziache hivyo. Ni za kupimia: zikiunganishwa na ufunguo ukawashwa, kompyuta inaingia hali ya majaribio, taa ya injini inapepesa, feni na pampu ya petroli zinawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi. Nataja kwa sababu mafundi wanaobadilisha programu ya injini huziunganisha, wengine wakasahau. Ukiwahi kusikia feni zako zikicheza hivyo, chungulia hapo kabla hujaambiwa kompyuta imekufa.

Sasa kitu ambacho hukuniuliza. Umeniuliza kama umeuziwa gari bovu, na jibu la swali hilo halipo kwenye vitufe. Lipo kwenye karatasi na vibandiko ambavyo pengine umeviona na kuvipuuza kwa kuwa ni vya Kijapani.

Anza na namba ya chesisi kwenye logbuku. STI ya kweli ya kizazi hicho kutoka Japani inaanza na GDB. Ikianza na GDA, umeuziwa WRX ya kawaida iliyovikwa nguo za kaka yake: bango, kiti, pengine na bawa la nyuma. Sina ugomvi na WRX, ni gari zuri, ila bei yake ni nyingine. Kigurudumu cha DCCD ulichokitaja kinanipa matumaini kwamba yako ni halali, kama kinafanya kazi na hakikufungwa kama pambo. Hesabu pia gia, STI ina sita. Ndani ya boneti kuna kibati cha modeli. Herufi inayofuata GDB inaonyesha toleo, na ya 2006 kutegemea mwezi utaikuta F au G. Kwenye kibati hicho kuna namba ya rangi. Ikisema 02C, gari lilitoka kiwandani buluu ile maarufu, na kama sasa ni nyeupe kuna hadithi unayostahili kusimuliwa.

Kisha kisanduku cha glavu. Kitabu kidogo chenye meza za tarehe na mihuri ni daftari la matengenezo. Piga picha kila ukurasa, programu za simu za kutafsiri zinasoma Kijapani vizuri kiasi cha kukufaa. Tarehe zitakuchanganya kwanza, kwa sababu Wajapani wanahesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Ukiona herufi 平成 na namba 18, hiyo ni Heisei 18: jumlisha 1988, unapata 2006. Kwenye fremu ya mlango wa dereva mara nyingi kuna kibandiko cha kubadilisha oili chenye tarehe na kilomita. Sasa linganisha. Kama kibandiko cha Heisei 24, yaani 2012, kinasema kilomita 143,000, na dashibodi yako leo inasoma 98,000, mtu amerudisha nyuma. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja: mtu ameibadilisha namba ya dashibodi kwa ustadi kabisa, halafu akasahau kubandua karatasi ya sentimita tano kwa sababu hakujua imeandikwa nini.

La mwisho litafute kwenye injini yenyewe, juu ya plastiki za mbele au karibu na kufuli ya boneti: kibandiko kilichoandikwa タイミングベルト, na chini yake tarehe na kilomita. Ni mkanda wa taimingi, na mafundi wa Japani hubandika hapo kila wanapoubadilisha. Injini yako inauhitaji mpya kila kilomita 100,000, na ukikatika ukiwa barabarani pistoni zinagonga vali, unanunua injini. Ukikipata, piga hesabu umebakiwa na kilomita ngapi. Usipokipata, au kama kilomita za dashibodi zimekutia shaka, gari libaki nyumbani. Nunua mkanda, roli zake na pampu ya maji vifungwe pamoja, na ile safari ya kwenda kuwaonyesha marafiki Nairobi isubiri.